Siku Tisa za Kushika Wanyama

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Kliniki ya mifugo, nyuma ya soko la mbao. Chumba kimoja cha daktari, meza ya bati katikati, benchi la wateja barazani, na ua wenye kizuizi cha nguzo ambamo ng'ombe huingizwa akasimama bila kuweza kugeuka. Daktari anatibu, mimi nashika. Namshukuru mjomba wa mke wangu aliyeniombea nafasi, na namshukuru mke wangu aliyemwomba mjomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekata tamaa tangu ile harusi niliyoisherehesha nikamtaja bibi harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi. Mara tatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenipa kipaza sauti.

Kasoro moja. Nafasi ni moja na tumeitwa wawili, majaribio ya wiki nzima. Jumatatu ijayo daktari anachagua. Mwenzangu ni mama wa makamo aliyekuwa msusi. Miaka kumi na minane ya kusuka nywele za watu. Nimemwonea huruma. Kusuka na kushika ng'ombe, wapi na wapi? Mimi angalau nimemwambia daktari kwamba nimekua nikiona ng'ombe kila siku. Si uongo. Nyumba yetu ilitazamana na bucha.

Nikikosa, ni kwa shemeji. Kaka wa mke wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na ameshanitengea kiti cha kukalia nikipanga misumari kwa ukubwa. Amenionyesha hicho kiti. Hakina mgongo.

Daktari ni mama mfupi mwenye miwani na sauti ya chini. Ametupa masharti. Mbele ya mnyama tusipaze sauti. Mnyama asiendewe kwa nyuma. Geti lifungwe kila wakati. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Na kamba isizungushwe mkononi, hata siku moja, hata kwa mbuzi. Nimeitikia kila sharti kwa kichwa, kama mtu anayekumbushwa mambo aliyoyazoea.

Mgonjwa wa kwanza: paka mweupe, masikio yamejaa utitiri. Nimemkaribisha mezani kwa sauti yangu ya ukumbini. Paka ametoka mezani akapanda pazia. Njia aliyoitumia ni uso wangu. Msusi amechukua taulo la mwenye paka, amemteremsha, amemviringisha kama mtoto mchanga, ameketi na kumbana kati ya magoti, kichwa peke yake nje. Amesema ni vilevile kama watoto siku moja kabla ya kufungua shule. Ukiwabana vizuri wanajiona wamepakatwa. Daktari amesafisha masikio yote mawili. Paka amesinzia.

Nashukuru kucha hazikufika jichoni. Zilibakiza sentimita moja.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu amenipaka dawa shavuni asubuhi. Amecheka kwanza, kisha amenipa pole. Ninamshukuru kwa vyote viwili, ingawa ningependa mpangilio uwe kinyume.

Leo tumefundishwa kumfunga mbwa mdomo kwa bandeji ili asiume. Kitanzi juu ya pua, bandeji inapita chini ya kidevu ikipishana, inafungwa nyuma ya masikio kwa fundo la kipepeo. Msusi amepatia mara ya kwanza. Bila shaka. Mikono ile imefunga riboni ngapi? Mimi nimemfunga mbwa sikio moja na kidole changu. Mbwa mwenyewe alikuwa mzee na mpole, akanitazama tu. Namshukuru kwa ustaarabu wake.

Lakini nimepata jambo. Nimekaa barazani wakati wa chai nikawaza kwa nini paka wa jana alitulia. Magoti? Hapana. Taulo! Lilitoka nyumbani kwake. Lina harufu ya mwenyewe. Kumbe siri ni harufu, na msusi mwenyewe hajui kwamba anaijua.

Kesho analetwa punda wa muuza maji kukatwa kwato. Anasifika kwa kuuma. Nimemwomba muuza maji aje na koti lake la kazi. Ameniuliza la nini. Nimemwambia ni la kitaalamu.

Jumatano, 6 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Muuza maji alileta punda na koti, akaenda kutengenezesha gurudumu la mkokoteni. Daktari alikuwa ndani ananawa. Nikavaa koti. Punda akaninusa mabegani, akasimamisha masikio, akaja mwenyewe ubavuni kwangu na kutulia tuli. Nilimtazama msusi. Msusi alinitazama. Mtu aliyeshika kamba kwa vidole tu haonekani kama mtu mwenye uhakika, kwa hiyo nikaizungusha kwenye kifundo cha mkono. Mara mbili.

Punda akaondoka.

Hakukimbia, na sitaki asingiziwe. Alitembea, kwa mwendo wa mfanyakazi aliyechelewa kidogo. Geti lilikuwa wazi. Nani aliliacha wazi ni swali ambalo halinijengi kulijibu. Kwa punda yule, koti lile maana yake ni kazi. Alikuwa ameona koti, amesikia kamba imekaza, akaenda kugawa maji. Mkokoteni haukuwepo, maji hayakuwepo. Hilo halikuwa jukumu lake.

Akasimama kwenye geti la buluu. Nikamvuta, nikamsukuma, nikamsihi. Wapi. Akatoka mama na ndoo mbili akauliza maji yako wapi. Nikamweleza. Punda akasubiri muda uleule unaotosha kujaza ndoo mbili, kisha akaenda nyumba ya pili. Ndivyo ilivyokuwa, nyumba kumi na moja, na hakuruka hata moja. Nyumba ya nne waliniuliza kama mimi ndiye muuza maji mpya, na kama ndivyo, mbona naanza vibaya. Nyumba ya saba alitoka mzee mmoja amefura kwa hasira, hana maji tangu asubuhi, anataka kujua nani atamjibu. Nikamjibu mimi. Nikamuuliza habari za mgongo wake, maana alikuwa ameushika. Tukazungumza mgongo. Mwisho alikuwa ananiletea kiti, ila punda aliondoka kabla sijakikalia. Nyumba ya tisa kuna mama alinitambua. Alikuwepo kwenye ile harusi. Aliita majirani watatu.

Baada ya nyumba ya kumi na moja punda aligeuka akanirudisha kliniki. Mkono ulikuwa umevimba na kamba imezama ndani ya ngozi. Daktari aliikata kwa mkasi, polepole. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya chini, kwamba ameshaona vidole viwili vya watu vikibaki barabarani kwa kosa hili, na hataki kuona cha tatu. Angenigombeza ningevumilia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kamba.

Msusi alimfunika punda macho kwa kitambaa chake cha kichwani, akamshika karibu na shavu, akawa ananong'ona vitu vya upuuzi. Kwato nne zikakatwa.

Muuza maji aliporudi alinishukuru. Hakujua kwamba mnyama wake anaikumbuka njia yote peke yake. Nami nikamshukuru. Daktari anasema mfupa haukuvunjika.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepewa siku ya kupumzisha mkono. Mtu mwingine angelala. Mimi nimekata shauri kuifanyia kazi ile bandeji ya mdomo wa mbwa.

Nilianza na mto wa kochi. Ukafungika vizuri, lakini mto hauna pua. Ndipo nikawaza: mshikaji wa kweli lazima ajue mbwa anavyojisikia. Nikajifunga mwenyewe. Kitanzi, chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kwa mkono mmoja mzima na vidole viwili vya ule mbovu. Ikakaza barabara! Kufungua ikawa ni habari nyingine. Mahali pa kipepeo nilikuwa nimepiga fundo lililokufa. Mkasi mke wangu huenda nao kazini, yeye ni fundi cherehani. Visu vyote vya nyumba hii havikati hata nyanya.

Saa tisa alasiri hodi mlangoni. Shemeji.

Aliitazama bandeji. Akaketi. Angeweza kunifungua, ana mikono miwili. Alisema asingependa kuingilia mambo ya kitaalamu. Kisha akazungumza kuhusu misumari kwa nusu saa nzima, na kila baada ya hoja ananiuliza kama nina pingamizi, anasubiri kidogo, anaendelea. Mke wangu alipoingia tayari nilikuwa nimekubali kuanza dukani Jumanne, nimekubali kuja saa moja kasoro robo, na nimekubali kuvaa fulana yenye jina la duka.

Mke wangu alinitazama, akamtazama kaka yake, akaenda kuweka chai jikoni kwanza. Sitamlaumu. Alisema baadaye kwamba, kwa jinsi ninavyoongea, hajawahi kuisikia saa yetu ya ukutani ikigonga mpaka leo.

Shemeji alipoondoka mke wangu alinifungua. Nilitaka kuanza kujieleza lakini aliniwekea kiganja kifuani. Akasema hachoki na mimi. Anachoka na kuanza upya. Hii ni kazi ya tano, na kila mara yeye ndiye anayekwenda kuomba kwa watu. Akasema angefurahi mara moja tu kuulizwa habari za mume wake akawa na jibu lilelile la mwezi uliopita.

Nilimshukuru kwa chai. Nilimaanisha zaidi ya chai na nadhani alielewa.

Ijumaa, 8 Machi

Kazini. Daktari amenipa ufagio na kuniambia leo nishike huo tu.

Mchana msusi alinionyesha fundo la kipepeo kwenye mpini wa ufagio, mara kumi, bila kunicheka. Nikamuuliza kwa nini aliacha kusuka. Alinyoosha vidole vyake. Viungo vimevimba, havikunjiki asubuhi. Kusuka kunataka vidole, alisema, kushika kunataka mikono na magoti, na hivyo bado anavyo. Nyumbani ana mama yake mzazi, ambaye hana mwingine wa kumtegemea.

Nilijisikia mtu mbaya kwa kumtakia ashindwe. Hali hii ilidumu dakika kama kumi.

Halafu nikapita kwa muuza nyama. Amenipa siri. Ukiinua mkia wa ng'ombe kutoka shinani, ukaubana juu, hapigi teke. Hawezi. Amesema mengine pia kuhusu namna ya kuushika na wakati wa kuushika, ila kulikuwa na wateja na mimi nilikuwa nimeshapata ninachokitaka. Kesho ni ng'ombe. Namshukuru muuza nyama.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeoga mara tatu.

Ng'ombe ni wa mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mrefu, mjane. Chuchu imechanwa na waya wa miiba, karibu idondoke. Daktari alisema isiposhonwa leo, robo ya kiwele imekwenda, na pengine ng'ombe mzima. Tulimwingiza kwenye kizuizi. Mwalimu aling'ang'ania nguzo za nje, analia, anamwita ng'ombe wake jina, na kila akimwita, ng'ombe anaruka. Teke la kwanza lilipeleka ndoo ya dawa ukutani.

Nikaona saa yangu imefika. Sikungoja kuambiwa. Nikaenda nyuma, nikakamata mkia, nikauinua, na ili kuwatia watu wote moyo nikawa natangaza kila hatua kwa sauti. Sasa naweza kuandika kile ambacho muuza nyama alikuwa anataka kumalizia. Usisimame katikati.

Samadi ilinipata kifuani. Yote. Daktari hakugeuka hata kunitazama. Alisema neno moja tu: "Nje."

Nikatoka. Nikaketi kwenye benchi barazani, nanuka, mkono una bandeji, shavu lina mikwaruzo. Nilijua imekwisha. Kichwani nilimwona mke wangu akivaa viatu vya kwenda kumwomba mjomba mwingine. Mwalimu alikuwa bado amening'inia pale nguzoni. Nikamwambia aje akae, mimi nimekwisha chafuka, nafasi iliyobaki ni safi. Sikuwa na mbinu yoyote. Nilitaka tu mtu wa kukaa naye.

Akaja. Akasema ng'ombe yule alinunuliwa na marehemu mume wake, akiwa ndama wa kubebwa. Kila jioni humsimulia habari za siku, kwa kuwa nyumbani hana mwingine wa kumsimulia. Nikamuuliza amesimulia nini jana. Akafikiri, akasema jana alimlalamikia bei ya sabuni. Nikamuuliza ng'ombe alisemaje. Akatabasamu kidogo. Akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu, mimi nimepatwa na nini. Nikamwambia yote. Punda, bandeji, shemeji na fulana yake. Nilipofika kwenye harusi na jina la mchumba wa zamani alicheka mpaka akavua miwani. Akataka nirudie pale bibi harusi aliponinyang'anya kipaza sauti. Nikarudia.

Sijui tulikaa muda gani. Geti la ua lilifunguka, msusi amemshika ng'ombe kamba ya kichwani, taratibu, na ng'ombe anatembea. Nyuzi tisa. Daktari alisema chuchu itapona. Mwalimu alinikumbatia, samadi na vyote. Sikumbuki lini mtu alinikumbatia hivyo.

Nimerudi nyumbani najua nimekosa kazi. Ila ng'ombe yule ni mzima, na jioni hii anasimuliwa habari zetu zizini. Nashukuru kwa hilo. Nashukuru kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Nilikwenda kusikia hukumu. Mke wangu alinipigia pasi shati.

Daktari alituita wote wawili. Nafasi ya kushika wanyama ni ya msusi. Nilimpa mkono, nikamwambia anastahili, na nilipolisema nikagundua ni kweli. Nikaaga.

Daktari akaniambia nikae, hajamaliza.

Akasema Jumamosi, sindano mkononi, ng'ombe anarukaruka, alikuwa karibu kukata tamaa. Ghafla ng'ombe akatulia. Alishangaa. Msusi, aliyekuwa ameshika kichwa, ndiye aliyemwonyesha kwa kidevu barazani: pale kuna mama anacheka. Msusi akamwambia kwamba yule bwana anamshika mwenye ng'ombe vizuri kuliko sisi tunavyomshika ng'ombe. Ndivyo alivyosema. Yeye, mshindani wangu! Daktari akasema miaka yote watu wanaingia na hofu zao barazani, wanawaambukiza wanyama, yeye ndani anapigana na hofu ya watu wawili. Hajawahi kuwa na mtu wa benchi. Sasa anamtaka. Kazi ya kudumu. Kazi yangu itakuwa kuwashika wenye wanyama.

Sharti ni moja. Nisiguse mnyama. Mnyama yeyote, hata kifaranga. Alinitaka niliseme sharti hilo kwa mdomo wangu, nikalisema, akaniambia nilirudie.

Nililia, nakubali. Msusi alinipigapiga mgongoni kwa vile vidole vyake vilivyovimba, akaniambia ninyamaze, nitamtisha sungura aliyeko ndani. Nitamshukuru mama huyu mpaka nitakapokufa.

Nilipita dukani kwa mke wangu. Alikuwa na wateja watatu. Nikamwambia mbele yao. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akanitazama kuhakikisha sitanii, kisha akawaambia wale wateja kwamba mume wake anafanya kazi kliniki ya mifugo. Akaendelea kushona. Alishona mkono wa gauni la mtu kwenye pindo, hakugundua.

Hata shemeji nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alinipongeza. Alisema kiti kitabaki palepale. Namshukuru, ingawa sijui alimaanisha nini.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya kazi ya kudumu. Nimeshika watu tisa, wote salama. Bwana mmoja mwenye jogoo alikuwa anatetemeka kuliko jogoo, tukazungumza habari za paa lake linalovuja, akaingia ndani ametulia. Mama mwenye mbwa wa mimba nimemshika kwa saa nzima. Watoto wa mbwa sita. Mmoja wao wataniita nimpe jina. Daktari alipita barazani mara mbili akanitikisia kichwa kwa kuridhika. Msusi ameniletea chai.

Jioni nimekaa nikatafakari kwa nini nimechaguliwa, na sasa naliona wazi. Daktari ameona nina kipaji. Mtu anayeweza kutuliza ng'ombe bila hata kuwa ua mmoja naye si mtu wa kawaida. Hilo sharti la kutogusa mnyama nalielewa pia. Ni kwa ajili ya msusi. Anampa mama wa watu nafasi ajiamini kwanza, asifunikwe. Ni busara, na mimi si mtu wa kujitangaza. Nitavumilia siku mbili tatu.

Kuna bwana alikuja baada ya daktari kuondoka. Ana fahali. Anasema ni mkubwa, hajawahi kuguswa pua, na wiki iliyopita alimpandisha mtu juu ya paa la choo akamweka huko mpaka jioni. Anataka awekwe pete puani na kila aliyemwendea amekataa. Aliniuliza kama hapa kuna mtu wa kumshika. Nilimtuliza, kama kazi yangu inavyotaka. Kisha nimemwambia amlete Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla daktari na msusi hawajafika, ili wakute kazi imekwisha na wapumzike siku moja.

Bwana yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema tangu ampate fahali huyo, mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye hakumuuliza swali lolote. Namshukuru sana kwa kuniamini.